Samaki wa Kuzikwa

Matinyani,
Kitui.
13 Novemba, 1984.

Kwako kaka yangu Musembi,

Nakusalimu, na ninatumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, Kaluki na watoto wote watatu. Ukitaka kujua hali yetu huku, mimi sijambo, na Mama anapumua. Mvua ilinyesha siku mbili wiki jana, ikalowesha vumbi kisha ikaenda zake. Bado tunachimba mchanga wa mto kutafuta maji, na bado tunapanga foleni kwa chifu kupokea mahindi ya manjano ya msaada. Ng'ombe wetu wamebaki wawili. Hizo ndizo habari ulizozoea kupata kutoka kwangu, na kama ningekuwa na moyo wa siku zote ningeendelea nazo hadi karatasi iishe.

Lakini barua yako ya tarehe mbili nimeipata, Musembi, na nimeisoma mara nne. Unasema umesikitika kusikia kwamba Mzee Mutie ametutoka. Unasema ukame wa mwaka huu umechukua wazee wengi na tumshukuru Mungu kwa umri aliompa. Halafu, pale chini kabisa, unauliza kama Mama bado anauza samaki, na kama lile gunia la mwisho lilifika salama.

Lilifika salama. Hakuna hata mkia mmoja uliopotea njiani.

Nataka nikueleze yaliyotokea tangu lilipofika. Mengine huyajui. Mengine unayajua kuliko mimi, na hayo pia nitayaandika, ili uone kwamba siku hizi na sisi tunayajua.

Unakumbuka jinsi Mama alivyoanza biashara ile, maana wewe ndiye uliyemshawishi. Ulimwandikia kwamba watu wa pwani hula samaki kila siku na wana nguvu, na kwamba utamtumia wakavu kwa basi, auze badala ya kukaa akitazama shamba lisilo na kitu. Alitandika gunia sokoni wiki tatu bila kuuza. Watoto walipita wamebana pua. Wazee walisema samaki ni ndugu wa nyoka. Ni Mzee Mutie aliyemtoa aibu, mzee wa kanisa letu, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kujisumbua. Alinunua samaki mmoja, akaomba achomwe palepale, akaketi juu ya jiwe akamla mpaka mkia mbele ya soko zima. Alipomaliza alifuta masharubu akasema kwamba anayetaka kushinda njaa, na ashinde njaa. Tangu siku ile Mama aliuza. Maharagwe yalipokwisha vijijini, samaki wake ndio waliobaki, na watu wakamwita Mama Samaki hata kanisani.

Kulikuwa na harufu. Sitaki useme kwamba hatukusema mapema. Magunia mengine yalinuka kama mafuta ya taa, na mteja akiuliza, Mama alimwambia hiyo ndiyo harufu ya bahari. Nani angembishia? Mama mwenyewe hajawahi kuiona bahari. Hilo la harufu alilijua kutoka kwako, wewe ndiye uliyemwandikia hivyo. Nimelifikiria sana jambo hili na kila nikilifikiria damu inanichemka. Pwani hapakuwa na mtu ambaye angenunua samaki wale, kwa sababu pua ya mtu wa pwani inajua. Ukawaleta kwa watu ambao hawajui samaki mzuri ananuka vipi.

Tarehe kumi na tatu Oktoba, Jumamosi, siku ya soko, Mzee Mutie alinunua samaki wanne. Mkewe Kalondu aliwapika mchana uleule, mzee akatangulia kula. Kabla jua halijashuka mzee alikuwa anatokwa na mate asiweze kuyazuia, jasho likimtiririka, miguu ikitetemeka kama ya mtu aliyebeba mzigo mkubwa. Walioshuhudia wanasema mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa zikawa kama kichwa cha sindano. Jioni hiyohiyo watoto wawili wa jirani yetu Muthoki walianguka vilevile. Wote walipakiwa kwenye pikapu moja wakakimbizwa hospitali mjini. Tabibu aliyewapokea alimuuliza Kalondu kama mzee alikuwa akipulizia pamba dawa. Kalondu akamjibu kwamba pamba gani, shambani hakuna hata magugu. Tabibu akasema yeye ameshawatibu watu wengi waliokunywa dawa ya pamba kwa bahati mbaya, na dalili alizoziona ni zile zile. Alijitahidi nao siku mbili. Watoto wakapona, ingawa yule mdogo, Ndila, mpaka leo akishika kikombe chai inamwagika. Mzee Mutie alifariki Jumatatu saa nne asubuhi.

Kwa hiyo, Musembi, si ukame uliomchukua.

Sasa sikiliza kilichofuata. Habari ya dawa ya pamba ilifika Matinyani kabla ya maiti. Watu wakajiuliza, na si wajinga, kwamba samaki wamekuwa wakiliwa hapa mwaka mzima bila mtu kuumwa. Basi dawa imefikaje ndani ya samaki kama si mkono wa mtu? Na mkono huo ni wa nani? Unajua kwamba Mama na Kalondu walikuwa hawasalimiani tangu waliposhindania uenyekiti wa kikundi cha akina mama. Hilo lilitosha. Haikuisha wiki neno likawa uoi, kwamba Mama ni mchawi, kwamba alimlenga Kalondu akampata mumewe, na watoto wa Muthoki walikula kwa bahati mbaya.

Kibanda chake sokoni kilivunjwa, mbao zikafanywa kuni. Akienda mtoni, wanawake huacha shimo la maji na vibuyu vikiwa nusu, wakasimama mbali hadi aondoke. Mchungaji alikuja kututembelea. Nilimwandalia chai. Alizungumza muda mrefu juu ya uvumilivu, akamwambia Mama asiikaribie meza ya Bwana mpaka jambo lijulikane, kisha akaaga. Chai yake niliikuta imejaa mpaka juu, haijaguswa. Ndugu za Mzee Mutie nao wanataka Mama aape kwa kithitu, kile kiapo cha zamani ambacho anayekiapa kwa uongo hufa yeye na wa nyumbani kwake. Mchungaji anasema mtu aliyeokoka hawezi kugusa kitu kama hicho. Akiapa anatolewa kanisani. Akikataa ni mchawi. Huyo ni Mama, aliyekubeba mgongoni akienda kuimba kwaya.

Aliyetufungua macho ni Othman, yule mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye babu yake alitoka pwani. Alikuwa akinunua samaki kwa Mama mara mojamoja. Alipopata habari alikuja kutupa pole, akaketi, akanywa chai vikombe viwili. Halafu akauliza kama kuna samaki waliobaki. Mama alikuwa amewaficha ghalani, kama kumi hivi, na gunia lenyewe likiwa bado na kamba nyekundu mdomoni. Othman alimvunja mmoja, akatazama mashavu, akanusa, akamweka chini, akaomba maji na majivu anawe mikono. Akanawa mara mbili. Kisha akamwambia Mama kwa upole, "Mama, huyu samaki hakuvuliwa. Huyu aliokotwa amekwisha kufa."

Alituonyesha kwamba matumbo hayakutolewa. Alituonyesha kwamba wamechanganywa wakubwa na wadogo, wa mawe na wa matope, ambao hakuna wavu unaowapata pamoja. Akarudi mjini akampigia simu dada yake, Mwanahamisi, anayeishi kule kwenu kwenye ule mkono wa bahari, nyuma ya kiwanda chako cha dawa ya pamba.

Mwanahamisi aliijua siku yenyewe. Alisema ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Septemba. Mlikuwa mmesafisha matangi ya dawa, na shimo la saruji la kupokea maji machafu lilikuwa limejaa. Maji yalipokupwa bomba lenu likatoa kitu cheupe kama maziwa. Kufika adhuhuri samaki walikuwa wanaelea, kuanzia wa urefu wa kidole hadi wa urefu wa mkono. Kaa walitoka mashimoni wakafia juu ya matope. Watoto wake wawili waliokuwa wakioga wakababuka ngozi. Wavuvi wakazoa samaki kwa vikapu wakawamwaga mbele ya geti lenu, wakitaka mtu awajibu. Mkubwa wenu akatoka, akasema ni bahati mbaya, akawalipa samaki wote na kitu juu yake ili wanyamaze, akaahidi kwamba samaki watazikwa ndani ya ua pamoja na chokaa. Mwanahamisi akasema aliyekabidhiwa kazi ya kuzika ni msimamizi wa matangi, Mkamba mmoja mpole anayeitwa Musembi.

Kuzika, Musembi. Uliambiwa uzike.

Nimejaribu kukutetea. Nimekaa nikajiambia kwamba ulifikiria njaa yetu. Kwamba ulimwona Mama na gunia tupu sokoni ukashindwa kufukia chakula ardhini. Kwamba ulidhani jua litaitoa dawa, au chumvi, au moto wa kupikia. Labda ulishawahi kutuma wa namna hiyo, wale waliokufa wachachewachache karibu na bomba, wale wa harufu ya mafuta, na hapakutokea kitu, ukapata ujasiri. Ningeweza kuishia hapo nikasema ndugu yangu alikosea. Lakini najua kwamba katika nyumba yako hamli samaki wa maji yale. Najua umewakataza wanao hata kutia mguu. Najua Kaluki huenda mpaka soko la mjini kununua samaki wa maji makuu, na wa karibu na kiwanda hata paka wenu hapewi.

Kabla ya ukame tulikuwa tunapulizia pamba dawa ya kiwanda chenu. Unaujua mkebe wake. Una picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili, ili hata asiyejua kusoma aogope. Kwenye gunia lako hapakuwa na picha yoyote. Ulimwachia Mama kazi ya kuwa mkebe wako, asimame nao sokoni akitabasamu.

Na huyo mkubwa wako anayelipa watu wanyamaze, anywe chai yake kwa amani kwa sasa. Yeye sina njia ya kumwandikia. Wewe ninayo.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu nilipoanza kuandika.

Ijumaa tarehe kumi na mbili Oktoba, siku moja kabla ya soko, utingo wa basi la Mombasa alinifuata shuleni saa ya mapumziko akanipa barua. Iliandikwa na Kaluki. Naomba usimguse, Musembi, na ukimgusa nitajua. Aliandika upande mmoja tu, mwandiko wa haraka. Alisema, "Kasyoka, gunia la kamba nyekundu msile. Wala Mama asiuze. Samaki hao walikufa kwa dawa ya kiwanda na Musembi anajua. Sisi huku hatuwagusi. Usiseme ni mimi." Ni hapo nilipoanza kuyajua ya nyumba yako; ya watoto, ya soko na ya paka Mwanahamisi ndiye aliyemwambia Othman.

Niliisoma nimesimama chini ya kengele ya shule. Nikaikunja nikaiweka ndani ya rejista ya darasa. Nikajiambia kwamba Kaluki hakuwahi kupenda utusaidie, kwamba mwaka jana alinuna ulipotuletea mabati, kwamba huu ni wivu wake umepata njia nyingine. Nilijiambia hivyo kipindi kizima cha hesabu huku watoto wakisubiri niwape zoezi. Na nyumbani debe la maharagwe lilikuwa limekwisha, na gunia lile ndilo lililokuwa tegemeo letu la mwezi.

Jioni nilimkuta Mama ameshafungua gunia na kupika samaki wawili, tule kabla ya kwenda sokoni. Chungu kilikuwa mekoni. Alipotoka kuleta kuni nilikiinua nikamwaga mchuzi na samaki wake nyuma ya choo, nikafukia kwa jembe. Mama aliporudi nilimwambia paka amekitia mdomo. Tukala ugali wa manjano kwa chumvi.

Asubuhi nilimsaidia kupandisha gunia juu ya punda. Yeye alishika upande mmoja, mimi nikashika wa pili.

Basi ndivyo nilivyo. Nilizika wa nyumba yetu nikawaacha wa watu waende sokoni. Nimekutukana kurasa tatu kwa jambo ambalo nami nililifanya, na sikuwa na mkubwa wa kunituma wala geti la kunificha. Halafu nikakaa kimya karibu mwezi mzima. Mama aliitwa mchawi mbele yangu, nikawa nafundisha, nasahihisha madaftari, na barua ya Kaluki iko ndani ya rejista nikiifungua kila asubuhi kuita majina. Nilingoja mtu mwingine agundue. Othman akagundua nusu, na hata hapo sikusema nusu yangu.

Jumapili iliyopita, baada ya mahubiri, nilisimama kanisani. Sikuwa nimeomba nafasi. Nilisoma barua ya Kaluki kwa sauti, nikasema siku niliyoipata, nikasema habari ya chungu na ya punda. Nikataja jina lako na kazi yako. Kalondu aliinuka kwenye benchi la wajane akaja mpaka mbele yangu, karibu sana, akaniambia, "Sema tena." Nikasema tena. Akaniambia niseme mara ya tatu, nikasema. Kisha akaketi chini sakafuni na kitambaa chake cheusi, na wanawake wakamzunguka. Mimi hakuna aliyenishika mkono, na sikustahili. Mchungaji alifunga ibada bila wimbo.

Jana nilikwenda polisi na barua ile pamoja na samaki waliobaki ndani ya mkebe. Niliandika maelezo, nikatia sahihi kila ukurasa. Mwalimu mkuu ameniambia nisifike shuleni mpaka nitakapoitwa.

Lakini haikuishia hapo, na ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukaa nikilia. Ndugu za Mzee Mutie wanasema nimebuni hadithi ili kumwokoa mama yangu. Wanasema barua ya mwanamke inaweza kuandikwa na mwanamke yeyote, na Othman ni mfanyabiashara, na Mwanahamisi hawamjui. Wanasema kama ni kweli, mwana aje aseme kwa kinywa chake. Watakaa Jumamosi tarehe ishirini na nne, bomani kwa marehemu. Usipofika, kithitu kitaletwa. Mama amekwisha sema ataapa. Ameshachoka. Anasema heri atolewe kanisani akijulikana hakuua kuliko kuzikwa Mkristo ambaye watoto humkimbia.

Basi njoo. Usitume pesa, usitume barua nyingine ya pole. Njoo useme ni tangi lipi lililosafishwa, na ilikuwa dawa gani, na shimo ulilochimba lilikuwa na samaki wangapi na chokaa kiasi gani. Utafukuzwa kazi, najua. Labda utafungwa, na labda mimi nitakuwa nimetangulia. Lakini bila wewe kiwanda kitasema hakuna kilichomwagika, na watoto wa Mwanahamisi wataendelea kuoga katika maji yale, na siku nyingine gunia litafungwa kamba ya rangi nyingine na kupelekwa Kyuso au Kathonzweni kwa mama wa mtu mwingine.

Kuna jambo moja limebaki, na sikutaka kuliandika. Jumapili ile tulirudi nyumbani na Mama. Alikuwa amesikia yote akiwa benchi la nyuma. Nilitegemea anifukuze. Aliwasha moto, akaketi, akaniuliza swali moja tu. Aliniuliza, "Musembi na watoto, nao walikula?"

Nikamwambia hapana, hawakula.

Akafumba macho. "Basi Mungu ashukuriwe," akasema, akateleka maji.

Hakuna ulichowahi kunifanyia maishani, Musembi, kilichoniuma kama kumsikia Mama akishukuru kwa jambo hilo. Shukrani hiyo nakutumia jinsi ilivyo, ukae nayo njia nzima utakapokuwa ndani ya basi.

Sina zaidi. Wasalimie watoto, uwaambie bibi yao anawataja kila siku anapoomba. Othman anakusalimu pia, ingawa hakusema kwa furaha. Na Kaluki msalimie sana kutoka kwangu, umwambie barua yake ilifika.

Ni mimi dada yako,
Kasyoka